Mlinzi Aliyejua Namba za Wajane

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kadi mtapewa kitabu kinene, na mtaambiwa kwamba wizi unazuiwa kwa namba. Kisomeni. Mimi cha kwangu nilikisoma mpaka jalada likang'oka, kamusi ikiwa pembeni, kwa sababu niliingia benki kama tarishi mwenye elimu ya darasa la saba na hakuna aliyekuwa na mpango wa kunipeleka kozi. Yaliyomo humo ni ya kweli. Lakini kabla hamjakifungua nataka mjue habari za Yohana, mlinzi wa mashine yetu ya pesa pale Moshi mjini. Yeye ndiye sababu ya mimi kuomba kustaafu mapema, na ndiye ninayemkumbuka kila ninaposikia mtu akisema mfumo ni salama.

Nitafika kwake. Kwanza mwelewe tulikotoka.

Kabla ya kadi, kinga yetu ilikuwa Bibi Fausta. Alikuwa mama wa kutoka Mkuu, kule Rombo, mkubwa wetu wa kaunta, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mteja alileta kitabu chake cha akiba, Fausta akalinganisha saini na ile ya kwenye faili. Saini ikimtia shaka hakuita polisi. Aliuliza swali la nyumbani, kwa Kichagga, huku akijifanya anatafuta kalamu.

“Hivi ule mgomba ulioanguka kwenye mfereji wenu, mliuondoa?”

Mwenye kitabu wa kweli alikasirika. “Mama, nimekuja kuchukua pesa au kuongea habari za migomba?” Mwizi yeye alijibu vizuri, tena kwa tabasamu, akaongeza na pole.

“Umeona, Elia?” Fausta aliniambia siku moja baada ya askari kumwondoa mtu wa namna hiyo. “Mwenye mali yake ukimchelewesha anakutukana. Huyu ameniuliza mpaka hali ya mgongo wangu. Mtu akiwa na adabu nyingi kaunta, wewe mwangalie mikono.”

Nilifanya kazi kwa kanuni hiyo miaka mingi na haikuniangusha. Ilikuja kumwangusha mtu mwingine.

Nchi ilipofungua milango ya biashara huria, watalii wa kupanda mlima waliongezeka, na hoteli zikaanza kupokea kadi za kigeni. Mashine yenyewe ilikuwa kipande cha chuma. Unalaza kadi, unaweka juu yake karatasi zenye kaboni, unavuta mkono wa chuma kwenda na kurudi, na zile namba zilizovimba kwenye kadi zinajichapa. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea karatasi hizo na kuzikagua. Mchana mmoja nilinunua karanga stendi. Nilipomaliza kula nikakunjua kifungashio, nikakuta jina la mtalii, namba nzima ya kadi yake, na saini. Ilikuwa nakala ya hoteli. Muuza karanga aliniambia karatasi zile ni nzuri, ngumu, hazilowi mafuta.

Kwa hiyo zilipokuja tarakimu tatu za nyuma ya kadi, nilielewa maana yake kabla sijasoma. Hazikuvimba. Chuma hakikuweza kuzichapa. Aliyeokota karatasi ya karanga alikuwa na kila kitu isipokuwa hizo, na hizo zilibaki kwa mwenye kadi peke yake. Niliona ni jambo la akili mno. Kisha nikaenda kukagua hoteli moja, nikamkuta dada wa mapokezi anaziandika tarakimu zile tatu kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, pembeni ya kila karatasi.

“Dada, kwa nini unaziandika?”

“Ili mgeni asisumbuliwe akiwa mlimani, kaka. Akiongeza siku tunakata tu pesa wenyewe.”

“Na karatasi zikijaa mnazipeleka wapi?”

“Anazichukua yule mama wa karanga.”

Alikuwa binti mkarimu. Shikeni hilo, maana halimo kitabuni: katika kazi yangu yote sikuwahi kukuta siri ya mteja imeanikwa na mtu mvivu. Niliwakuta wakarimu.

Sasa Yohana.

Alikuwa mtu wa Kahe, kule chini kwenye mashamba ya mifereji. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika, mpaka chama kikayumba na makarani wakarudishwa makwao. Kampuni ya ulinzi ikampa sare na rungu, ikamweka nje ya tawi letu siku ilipowekwa mashine ya pesa, yaani ATM. Kioo cha mashine kiliandika Kiingereza tupu. Wateja wake wa kwanza walikuwa wastaafu na wajane wanaopokea pensheni za waume zao, kina mama wa Mwika waliovaa vizuri kama wanaokwenda kanisani, kadi imefungwa kwenye kitambaa. Yohana alikisoma Kiingereza kile kwa sababu karatasi za mizani nazo zilikuwa za Kiingereza. Hakuna aliyemwagiza kusaidia. Lakini kwetu huku mtu mzima hasimami akihangaika mbele yako wewe ukatazama pembeni. Huwezi.

“Baba, hiki kitu kinasemaje?”

“Shikamoo mama. Kinauliza namba yako ya siri. Bonyeza mwenyewe, mimi naangalia barabarani.”

“Vidole vinatetemeka. Nikutajie ubonyeze wewe.”

“Usinitajie, mama.”

Alikuwa ameshataja, tena kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya korongo.

Nilimwonya. Nilimwambia siku namba hizo zitakapotumika vibaya, wa kwanza kutazamwa atakuwa yeye.

“Nizibe masikio kwa nini, kaka Elia? Kwa hili rungu?” Alicheka. Kisha akaacha kucheka. “Yule wa leo ana umri wa mama yangu. Nikikataa, anarudi Mwika bila dawa. Wewe ungefanyaje?”

Nilirudi ndani kwenye karatasi zangu.

Malalamiko yalianza kama mvua ya rasharasha, kisha yakawa mfululizo. Walalamikaji wote walikuwa wajane, wote wa usharika mmoja wa Kilutheri kule Mwika, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu Aikande, dada wa baba yangu. Pesa zao zilitolewa Jumapili mchana, kwenye mashine yetu ileile. Kumbukumbu za mashine zilisema kadi ni halisi na namba ni sahihi, mtoaji hakukosea hata mara moja. Juu ya mashine kulikuwa na kamera. Mkanda wake ulikuwa umejaa siku nyingi, na ombi la mkanda mpya lilikuwa makao makuu likisubiri kuidhinishwa.

Meneja wetu alituita ofisini. “Nani anazijua namba za hawa kina mama?”

Tuligeuka tu wote kuelekea mlango wa kioo, na nje yake alikuwa amesimama Yohana.

Jumapili hakuwa kazini. Siku hiyo alikaa mlinzi wa zamu, kila wiki mtu mwingine, na Yohana alikuwa Kahe shambani kwake. Polisi wakasema basi ana wenzake. Walimchukua asubuhi mbele ya foleni nzima. Aliwasalimu. Akaomba ruhusa amkabidhi mtu zamu, mashine isibaki peke yake.

“Adabu yote hii ya nini,” askari mmoja akamuuliza, “kama huna kosa?”

Nilisikia sauti ya Fausta kwenye maneno yale.

Nilianza kulipanga jambo kama nilivyojifunza. Kutoa pesa kunahitaji vitu viwili, kadi na namba. Namba Yohana alizisikia, hilo sikulikana. Lakini kadi je? Kila mama aliondoka na kadi yake kwenye kitambaa. Kadi zilikuwa wapi siku za Jumapili? Nikapanda Mwika kumuuliza shangazi.

Nilimkuta jikoni, ng'ombe wake akitafuna vipande vya mgomba upande wa pili wa ukuta.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Umekuja kama mtoto au kama benki?”

“Yote mawili.”

“Basi mtoto akae anywe mtori. Benki isubiri nje.”

Nilikunywa. Alipoona bakuli limekwisha akasema, “Haya, iite benki.”

“Kadi yako inakaa wapi?”

“Kwa Anaeli.”

Anaeli alikuwa na duka karibu na soko. Aliwakopesha wajane sukari na pumba za ng'ombe mpaka pensheni iingie, na kadi zilikaa kwenye droo yake kama rehani. Siku ya pensheni mama anaichukua kadi, anashuka mjini, anarudi, analipa, anaiacha tena. Wote walifanya hivyo.

“Shangazi! Unampa mtu kadi?”

“Si ninyi mlitufundisha? Mlisimama na kipaza sauti pale kwenye uwanja wa kanisa. Kadi bila namba ni plastiki tu, mlisema. Mimi nimempa plastiki. Namba sijampa.”

“Na hakuna mwingine anayeijua?”

“Ni mimi na Mungu.”

Nililala kwake ili Jumapili twende ibadani pamoja. Kwa wasiofahamu, niseme kwamba katika usharika wao kila mkristo hupewa bahasha za ahadi, na bahasha hizo hugongwa namba yake, tarakimu nne, ambayo anabaki nayo maisha yake yote. Wakati wa sadaka shangazi alifungua kitabu chake cha nyimbo. Ndani yake kulikuwa na bahasha mbili, 0418 ya kwake, na 0417 ya marehemu mumewe, ambaye bado alimtolea sadaka. Akachukua ya kwake. Alipoinyanyua kuipeleka kapuni, aliziba tarakimu kwa kidole gumba, akainamisha na mabega kidogo.

Nilimfundisha mwenyewe kuziba vile. Ndivyo tulivyowaelekeza wafanye mbele ya mashine.

“Shangazi,” nikanong'ona, “hii ndiyo namba yako ya benki?”

Aligeuka na macho yanayowaka. “Nani kakuambia?”

Watu wa benchi la mbele waligeuka. Sikuhitaji zaidi. Hasira ile Fausta angeilipa pesa bila kuangalia saini.

Kijitabu chetu kiliwaambia wachague namba ambayo hawataisahau, na wasiiandike popote. Walitii. Namba ambayo mjane wa Mwika hawezi kuisahau ni ile anayoitolea Bwana sadaka, na hakuiandika yeye, iliandikwa na kanisa. Baada ya ibada niliwauliza wale wengine. Niliwaambia wasinitajie namba, waniambie tu kama ipo kwenye bahasha. Walitazama chini, mmoja baada ya mwingine.

Na mbele, mzee wa kanisa aliyebeba makapu kwenda kuhesabu, aliyemjua kila mjane kwa namba yake kwa sababu ndiye aliyewafuata waliochelewesha ahadi, alikuwa Anaeli. Jumapili mchana hufunga duka na kushuka Moshi na gari lake kufuata bidhaa.

Sikumwona akiingiza kadi kwenye mashine, na siwezi kusema niliona nisichoona. Nawaambia nilichokuwa nacho: mtu mmoja aliyekuwa na namba bila kadi, na mtu mwingine aliyekuwa na kadi na namba. Aliyekuwa mahabusu ni yule wa kwanza.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla hajafika.

“Elia,” alisema baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, “unataka niandike makao makuu kwamba wateja wetu walitumia namba za sadaka?”

“Ndiyo, mkuu. Na kwamba kadi ziliwekwa rehani.”

“Kadi ikiwekwa rehani, kosa ni la mteja. Ukiliandika hilo, hao kina mama hawarudishiwi hata senti. Shangazi yako unamwambia lini?”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kitabu kilekile nilichosoma mimi, na kitabu kilisema hivyo.

Nilirudi Mwika nikamweleza shangazi yote, bila kuficha kwamba ukweli utamgharimu. Alisikiliza akimenya ndizi.

“Unataka nisimame mahakamani niseme Anaeli ni mwizi.”

“Nataka useme kadi ilikuwa kwake. Basi.”

“Siku tunamzika mume wangu mvua ilikuwa inanyesha. Kaburi likajaa maji. Anaeli aliingia mle ndani na suti yake, akayatoa kwa ndoo.” Aliweka kisu chini. “Huyo wa Kahe ni wa nani?”

“Ni yule aliyekuwa anakuomba usitaje namba.”

“Alikuwa mtu mwema sana,” akasema. “Ndiyo maana tulimwamini mpaka akatuibia.”

Niliandika maelezo yangu mwenyewe nikayapeleka polisi. Mpelelezi aliyasoma taratibu, mara mbili, akaniuliza wale kina mama wako wapi. Sikuwa nao. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Nilikwenda kila ilipotajwa, na kila mara Yohana alikuwa mwembamba zaidi na kikohozi kimeshuka zaidi kifuani. Benki iliwarudishia wajane sehemu ya pesa, kwa hisani, na baada ya hapo waliacha kuja mahakamani. Kesi ikafutwa. Vijana, jifunzeni tofauti hii mapema. Kesi kufutwa maana yake hakuna aliyekuja kumshtaki tena. Haisemi popote kwamba hakuiba.

Nilimfuata Kahe. Alikuwa ndani ya mfereji, maji magotini, akizibua tope kwa jembe na kupumzika kila baada ya muda. Watoto waliokuwa wakipita na punda walimwita, “Ei-Ti-Emu! Tutolee hela!” wakakimbia.

“Waache,” alisema alipoona nimegeuka. “Wakubwa wao wananiita vibaya zaidi.” Tukakaa ukingoni. “Wale kina mama, walibadilisha namba?”

“Kila mmoja. Kadi mpya, namba mpya. Nilisimamia mwenyewe.”

“Waliweka zipi?”

“Siruhusiwi kujua.”

Alitikisa kichwa. Kisha akaniomba kitu kimoja. Kama benki inaweza kumwandikia karatasi, mistari miwili tu, kwamba si yeye. Ana binti anayeposwa, na upande wa mume wameuliza. Nilimwahidi kujaribu, na nilijaribu kwa kila njia niliyoijua. Jibu lilitoka kwa wanasheria makao makuu. Benki haikuwahi kumtuhumu Yohana kwa maandishi, kwa hiyo haina cha kumfutia. Nililisoma jibu lile nikaona limeandikwa kwa usahihi kabisa. Posa ilivunjika. Yohana alifariki masika yaliyofuata, na pale msibani hakukuwa na mtu mwingine kutoka tawini zaidi yangu. Anaeli aliendelea kuhesabu sadaka. Mimi nikaandika barua ya kustaafu.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye foleni ya mashine ileile, mstaafu kama wastaafu wengine. Kioo siku hizi kina Kiswahili. Kamera ina mkanda. Mlinzi husimama mbali, mgongo kwa mashine, mikono nyuma, kwa sababu baada ya Yohana ilitoka amri kwamba mlinzi asimkaribie mteja wala asimjibu. Katika yote tuliyofundisha, hilo ndilo lililoshikwa vizuri.

Mbele kabisa alikuwa shangazi Aikande, amezeeka sana, na hakuwa ameniona. Alisogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogeza tena.

“Baba!” akamwita mlinzi. “Baba, njoo unisomee.”

Mlinzi aliangalia barabara.

Shangazi akageukia foleni. Ilikuwa ndefu, watu wengi na simu zao mikononi. “Macho yangu hayaoni,” alisema. “Nani atanibonyezea? Ni sifuri nne moja saba.”

Nilikuwa nyuma mno kumziba mdomo. Alikuwa ameibadilisha kweli, kama tulivyomwagiza. Alikuwa ameiacha ya kwake akachukua ya mumewe.

Kijana mmoja alitoka kwenye foleni, nadhifu, shati limechomekewa. Alimwinamia shangazi na kuipokea kadi kwa mikono miwili.

“Shikamoo bibi,” alisema, kwa adabu nyingi.

Nikajikuta namwangalia mikono.